Maji Hayayeyushi Kila Kitu

Wako watu wasemao kwamba mwenye maji na moto hahitaji kiyeyushi kingine: jani lolote la dawa huchemshwa, nguvu yake yote ikatoka. Hapa Kiritiri, katika nchi kavu ya Mbeere, ambako maji yana heshima na malaria si mgeni, neno hilo lina wasikilizaji wengi. Ni neno la uvivu, nami nalipinga.

Tazameni habari ya Tu Youyou wa China. Yeye na wenzake waliujaribu mmea wa artemisia, wakapata dawa isiyotegemeka. Mwaka 1971 aliacha joto kali, akatumia etha, ichemkayo kwa nyuzi 35 tu za Selsiasi; dawa iliyotoka ikawaponya panya wenye malaria. Mwaka 1972 zikapatikana fuwele safi, na mwaka 2015 akatunukiwa Tuzo ya Nobel. Artemisini huyeyuka kwa shida katika maji, na joto kali huweza kuiharibu. Laiti wangeng'ang'ania sufuria, wagonjwa wangapi wangalipotea!

“Basi,” atajibu mpinzani, “tuyaache maji, tutumie etha daima.” Hilo ni kosa lile lile, limebadili kanzu tu. Chukueni asidi ya benzoiki. Lita moja ya maji ya nyuzi 25 huyeyusha gramu 3.4 hivi, maji yachemkayo huyeyusha gramu 56 hivi. Iyeyusheni katika maji moto, mchuje upesi, mwache yapoe polepole: fuwele hujitenga, na uchafu uyeyukao hubaki majini. Etha huiyeyusha hata ikiwa baridi. Kwa kupoa tu hatungepata kitu cha maana.

Kiyeyushi bora, basi, si kile kiyeyushacho mno, bali kile kikubalicho kikiwa moto na kukataa kikiwa baridi, kisichokibadili kitu chenyewe, na kiondokacho upesi fuwele zikaushwapo. Hakichaguliwi kwa mazoea wala kwa kauli ya mkubwa. Mwanafunzi na atwae chembe kidogo, azijaribu neli tatu zenye viyeyushi mbalimbali, ndipo aitie kazini akiba yake yote. Na atumiapo spiriti au etha, moto wa wazi usikaribie. Apashe kwa maji moto.

Mimea ya dawa tunayo. Tukiendelea kuichemsha yote kwa sufuria moja, wengine ndio watakaotuuzia siri zake.