Maksai Wawili wa Nira Moja

KUTOKA UWANDA WA UFIPA
Na Salimu Mwinjuma

Mkulima wa Ufipa alimaye kwa plau hamlishi maksai mmoja akamwacha mwenziwe na njaa, kwani ajua, bila ya kufundishwa na mtu, kwamba nira ikielemea upande mmoja mfuo hupinda, na mfuo uliopinda hupoteza mbegu, jasho na siku. Hekima hiyo ya shambani hunijia kila nizungumzapo na vijana wasomao vyuoni taaluma iitwayo ununuzi na ugavi. Maana majina hayo mawili yamefungwa nira moja, tangu katika mitaala hata katika jina la Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007, lakini mmoja wa maksai hao amenona, na wa pili mbavu zake zahesabika.

Aliyenona ni ununuzi. Kijana wa mwaka wa tatu atakusomea vifungu vya sheria ya ununuzi wa umma, ile ya 2011 na ile ya 2023 iliyoirithi, atakueleza namna zabuni inavyotangazwa, inavyofunguliwa na inavyotathminiwa, na siku hizi inavyopitishwa katika NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi kwa mtandao. Na elimu hiyo si ya kubezwa, kwa kuwa mali ya umma ni amana, na amana haina budi kuwa na mlinzi. Lakini mwulize kijana huyo huyo gunia la mahindi litokalo Laela, huku Ufipa, hukaa siku ngapi kabla ya kusagwa Dar es Salaam, na katika siku hizo ni ngapi liko mwendoni na ngapi limelala, utamwona akitazama dari. Ugavi, ambao ni mwendo wa mali kutoka mkono uzalishao hata mkono utumiao, pamoja na kungoja kwake kote njiani, yeye ameusoma kama picha ya visanduku vilivyounganishwa kwa mishale. Na mshale wa karatasi hauchelewi, haupasuki gurudumu, wala haunyeshewi.

Naona, kwa hiyo, kwamba darasa la ugavi lililo bora kuliko yote katika nchi yetu halijafunguliwa bado, ingawa lipo tayari na halihitaji matofali: ni uwanda huu wa Ufipa. Sumbawanga imekaa juu ya uwanda wa kiasi cha mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, Ziwa Tanganyika likiwa magharibi yake na bonde la Ziwa Rukwa mashariki, na bandari ya Dar es Salaam iko mbali nayo kwa zaidi ya kilomita 1,000. Umbali huo ulitoa somo lake la kwanza katika miaka ya sabini, serikali ilipoweka bei moja ya mahindi kwa nchi nzima, mkulima wa Rukwa akalipwa sawasawa na yule aliyeishi kando ya reli, naye akaitikia kwa jembe, hata mkoa huu, pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma, ukahesabiwa katika mikoa minne iliyolisha taifa. Lakini gharama ya uchukuzi haikufutika kwa kutotajwa katika bei. Ilihamia katika vitabu vya Shirika la Taifa la Usagishaji, ikalala humo kama deni, na bei ile ilipoondolewa ikarudi kwa miguu yake mpaka mlangoni kwa mkulima, aliyejikuta na mahindi mengi na mnunuzi haba. Mwanafunzi atakayekielewa kisa hiki atakuwa ameshika kanuni moja ya kumfaa maisha yake yote, kwamba gharama katika mnyororo wa ugavi haifi, huhama.

Somo la pili ni la wakati, na hili ndilo ningependa lichukue nusu ya muhula. Mvua za Ufipa huanza Novemba, wala haziombi ruhusa kwa mtu. Basi mwalimu na awaambie wanafunzi wake wahesabu kinyumenyume. Mbolea ya kupandia yatakiwa iwe kijijini kabla ya mvua ya kwanza: watoe siku za wakala kuigawa, watoe siku za malori kupanda huku, watoe siku za kuifungasha na kuipakia, watoe siku za meli kungoja gati na kushusha shehena, watoe majuma ya baharini, kisha watoe siku za benki na za mwagizaji kukubaliana na muuzaji wa ng'ambo. Watakapomaliza hesabu hiyo watajikuta katika miezi ambayo mahindi ya msimu uliotangulia yangali mashambani, na watatambua kwamba hiyo ndiyo miezi ya kuamua, wakati ambapo aghalabu hakuna anayeiwaza mbolea. Mbolea ya kupandia ifikayo Januari humwacha mkulima katika hali ya nahodha aliyemaliza kupakia jahazi lake siku pepo zilipogeuka: mali ipo, chombo kipo, na safari haipo.

Somo la tatu liko malangoni mwa maghala, kuanzia Julai, wakulima wapelekapo mahindi katika vituo vya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula. Huko nafaka hupimwa unyevu, usizidi asilimia 13.5, maana unyevu ukizidi hualika ukungu, na ukungu huzaa sumukuvu ambayo macho hayaioni. Serikali imejenga kwa mkopo wa Poland vihenge vya kisasa na maghala katika vituo vinane, Sumbawanga ikiwamo, vya kuhifadhi jumla ya tani 250,000, na jambo hilo ni la kushukuriwa. Lakini kihenge kiwe kikubwa namna gani, hakiwezi kuponya foleni ikiwa mizani ya kukilisha ni moja.

Hapa hisabati ya darasa la saba yatosha kuanzia. Tuseme kituo chaweza kupima magunia 600 kwa siku, na kila siku yaletwa 700: baada ya siku kumi magunia 1,000 yamelala nje, na ajaye siku ya kumi na moja atangoja karibu siku mbili, akilipia lori lililosimama na chakula cha utingo. Hilo kila mtu hulifahamu. Lisilofahamika upesi ni kwamba hata kama wastani wa yaletwayo ungekuwa 600 barabara, sawa na nguvu ya mizani, foleni ingezaliwa vilevile, kwa sababu watu hawaji kwa wastani. Leo waja wengi kwa kuwa jana kulikuwa na msiba, kesho waja wachache kwa kuwa kuna mnada, na saa ambazo mizani ilikaa bure asubuhi haziwekwi akiba zikatumiwa jioni. Na anayechoka kungoja, kwa dhiki ya ada ya shule au ya mgonjwa nyumbani, humwendea dalali aliyesimama hapo jirani, akauza kwa gunia la lumbesa lililoshonewa kilemba juu ya mdomo wake, ambalo jina lake ni moja na uzito wake ni karibu moja na nusu. Msomi aliyesimama langoni siku tatu na saa mkononi atajua kwamba lumbesa ni mtoto wa foleni, na kwamba kuipiga marufuku bila ya kuongeza mizani ni kumchapa mtoto kwa kosa la mzazi.

Wako watakaosema kwamba chuo kikuu ni mahali pa nadharia, na kwamba kusimama langoni ni kazi ya karani. Hao nawakumbusha kwamba katika chuo cha MIT, huko Marekani, wenzake Profesa Jay Forrester walibuni karibu na mwaka 1960 mchezo wa kufundishia ambao wanafunzi wanne hujifanya mwenye duka, muuzaji wa jumla, msambazaji na mwenye kiwanda cha bia, kila mmoja akiiona oda ya jirani yake tu. Mahitaji ya wanywaji hupanda mara moja tu, kutoka makasha manne kwa juma hata manane, kisha hutulia. Lakini huko nyuma oda huvimba, mabohari hukauka kisha hufurika, na wachezaji hulaumiana ilhali hapana mwovu miongoni mwao. Badala ya bia tieni mahindi, badala ya kiwanda mtieni mkulima wa Ufipa ambaye oda yake hujibiwa na mvua mara moja kwa mwaka, kisha katikati ya mchezo mwalimu atangaze kwamba mipaka imefungwa, kama ilivyofungwa kwa mahindi mwaka 2017, halafu muone meza ya nani itajaa mzigo usio na mnunuzi.

Wala kujifunzia penye kazi si jambo geni juu ya uwanda huu. Wahunzi wa Kifipa wa zamani walijenga matanuri marefu ya udongo yaitwayo malungu, ambayo mabaki yake yangalipo. Mawe ya chuma yaliletwa, makaa yakachomwa, chuma ghafi kikahamishiwa tanuri dogo kikasafishwa, ndipo kikamfikia mfua majembe, na kila mmoja wao alikuwa na siku yake ya kuwa tayari. Kijana aliyejifunza kazi hiyo alijifunzia karibu na moto.

Alhasili, ninaloliomba ni dogo. Taasisi ya Uhasibu Tanzania na Chuo Kikuu Mzumbe vina kampasi Mbeya, safari ya siku moja kwa basi kutoka hapa. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbeya kimekwisha kuleta kampasi Rukwa. Mafunzo kwa vitendo ya wanafunzi wetu huangukia likizo ndefu, Julai hata Septemba, na hiyo ndiyo miezi ambayo mahindi hutoka shamba kwenda ghalani. Hivyo kalenda mbili, ya chuo na ya mkulima, zimekutana bila ya kuitiwa kikao. Mwaka huu barua zitakapoandikwa za kuwapeleka vijana katika ofisi za halmashauri wakapange majalada, walimu na wazigawe nusu kwa nusu: nusu waende ofisini wamlishe maksai wa ununuzi, na nusu waje Laela, Matai na Namanyere, kila mmoja na daftari, saa na kipimo cha unyevu, wamlishe yule wa pili. Watakayoyaandika wakipewa wasimamizi wa vituo kabla ya msimu ufuatao, hata mizani moja ikaongezwa mahali palipostahili, karo yao itakuwa imelipwa.