Jana usiku, kwako walilala wangapi?



Alhamisi iliyopita, kabla ya kufungua sanduku la likelemba, tulifanya mchezo mdogo. Tuliulizana mmoja mmoja: jana usiku, nyumbani kwako walilala watu wangapi? Tulidhani ni swali la dakika tano. Lilikula saa nzima, likelemba ikachelewa, na wengine walinung'unika kwa haki kabisa, maana jua lilikuwa linashuka na ndagala zao bado zimeanikwa nje.

Mama mmoja, muuzaji wa ndagala hapa sokoni, alijibu haraka: "Tuko sita." Tukaandika sita. Tulipofika kwa mama wa nne akainua mkono: "Ongezeni mmoja, nimesahau mama mkwe. Yeye hulala chumba cha nyuma." Baadaye tena: "Yuko na mtoto wa dada yangu kutoka Moba, lakini huyo si wa kwangu, alikuja tu kunisaidia kazi." Alikuja lini? Mwaka jana. Tukaandika nane. Kisha mwenzake akamwonyesha kitoto alichokuwa nacho mgongoni: na huyu? Akacheka. "Huyu ni wa wiki tatu tu, hata jina hana." Tisa. Mkutano ulipokwisha alikuwa amekwisha vuka barabara, akarudi mbio. Kuna kijana wa shemeji anayesoma hapa mjini, hulala sebuleni kwenye mkeka, anatoka asubuhi kabla watu hawajaamka. Kumi.

Huyo mama hakutaka kudanganya mtu. Kila siku anapika bugali ya watu kumi, na kijiko chake hakikosei. Ila alipoulizwa kwa mdomo, alitaja wale anaowaona kuwa "wa kwake", na watu wanne wakapotea. Wote wanne, angalieni, ni wale ambao nchi hii ina desturi ya kuwapoteza: mama mzee, binti wa kazi, mtoto mchanga, mwanafunzi wa kuhifadhiwa.

Tulifanya mchezo huu kwa sababu ya hesabu ya watu, ile tunayoiita resensema. Ya mwisho ya nchi nzima ilifanyika Julai 1984. Wengi wetu hatukuwa tumezaliwa. Nchi iliitwa Zaire, na sisi wa Kalemie tulikuwa ndani ya Shaba; jimbo la Tanganyika lilikuja mwaka 2015 tu. Wakati ule walihesabiwa watu karibu milioni 30. Leo Umoja wa Mataifa unakadiria kwamba tumepita milioni 100. Unakadiria, ndiyo neno lenyewe. Tangu 1984 kila namba tunayosomewa kwenye redio ni ya kupigiwa hesabu kutoka ile ya zamani, kana kwamba tangu hapo hakuna vita iliyohamisha watu, hakuna mgodi ulioita vijana, na maji ya ziwa hayajapanda yakafukuza watu kando ya Lukuga. Hesabu ya pili imeahidiwa mara nyingi na kuahirishwa mara nyingi. Siku itakapofika kweli, tunataka itukute tayari, na kazi yenyewe inaanza ndani ya nyumba.

Kwanza tuseme ukweli juu yetu sisi wenyewe. Wajitolea wa afya, wale RECO, walipopita kuandika nyumba kwa ajili ya vyandarua, nyumba nyingi za watu sita ziligeuka za watu tisa. Chandarua kimoja ni cha watu wawili, kila mama alijua hesabu hiyo. Lakini akipita mtu wa komini na daftari lake, hao tisa wanakuwa wanne, na bwana "amesafiri". Tulicheka sana Alhamisi tuliposema hivyo, kwa sababu hakuna aliyekuwa msafi. Lakini kicheko kilikwisha mama mmoja aliposema: basi nani anajua tuko wangapi?

Hofu ya daftari haikuanza na sisi. Wakati wa Wabeleji kuhesabiwa kulikuwa kuandikwa kwa kodi. Mwanaume alilipa kodi ya kichwa, na mwenye bibi zaidi ya mmoja alidaiwa nyongeza kwa ajili ya hao wengine. Wankambo wetu walijifunza kwamba aliyeandikwa amekamatwa, na somo hilo tulilinyonya pamoja na maziwa. Tena kuna lile la watoto. Wazee walikataza kuhesabu watoto kwa kidole. Mama akiulizwa anao wangapi, hujibu "Mungu amenipa wa kutosha" na anabadilisha maneno. Hatutamcheka mama anayeogopa hivyo. Aliyezika mtoto anajua kwa nini anaogopa. Lakini kazi ya resensema si kunyoosha kidole. Karani anaandika majina, mmoja baada ya mwingine. Taja majina, mama, namba itajitengeneza yenyewe kwenye karatasi yake.

Juu ya kodi: kanuni za takwimu ambazo nchi za Umoja wa Mataifa zimekubaliana zinasema kwamba majibu ya mtu mmoja mmoja ni siri, na yatumike kwa takwimu tu. Anayekuja kuhesabu watu hana ruhusa ya kupeleka jina lako kwa mtu wa kodi, wala kwa polisi. Na hana haki ya kukuomba franga hata moja. Akiomba, mnamjua shefu wa avenyu anakaa wapi.

Mama mmoja mzee kati yetu alihesabiwa ile 1984. Alituambia: "Walikuja na makaratasi, wakaandika, wakaenda. Barabara ni hii hii." Hatukuwa na jibu zuri la kumpa, na hatutalitunga hapa. Hesabu haijengi barabara. Tunachoweza kusema ni kile tunachokiona kwenye kituo cha afya, pale ambapo ukosefu wa hesabu unatugusa kila mwezi.

Muuguzi anapoagiza chanjo, haagizi kwa kuangalia foleni ya asubuhi. Anaagiza kwa namba aliyopewa: eneo lako lina watu kadhaa, kwa hiyo watoto wa chini ya mwaka mmoja watakuwa kadhaa. Kama namba hiyo ni ndogo kuliko sisi tulivyo, chupa zinakwisha na foleni ingalipo. Ndiyo sababu unaweza kusikia kituo kimechanja watoto 110 kwa kila 100. Mtu anasikia hivyo anapiga makofi. Lakini watoto 110 watatokaje katika 100? Maana yake ile mia ilikuwa ya uongo, na hakuna anayejua ni wangapi walibaki bila sindano. Tangu mwanzo wa 2019 mpaka Januari 2020 surua iliua watu zaidi ya 6,000 katika nchi yetu, wengi wao watoto wadogo. Sababu zilikuwa nyingi: njia mbaya, vita, utapiamlo, dawa kukosa baridi. Hatusemi ni hesabu peke yake. Tunasema tu kwamba mtoto asiyejulikana yuko hakuna anayemwekea chupa.

Jambo jingine wachache tulilijua. Viti vya wabunge hapa kwetu vinagawanywa kwa kufuata idadi ya waliojiandikisha kupiga kura. Uandikishaji wa 2022 na 2023 ulipata watu karibu milioni 44. Hao wana kadi, na kadi hiyo ndiyo tumefanya kitambulisho cha kila kitu. Lakini mtoto wa miaka sita hana kadi ya uchaguzi. Mtaa wenye watoto wengi na mtaa wenye watoto wachache, kwenye hesabu hiyo, vinaweza kulingana. Tangu Septemba 2019 shule ya msingi ya serikali imekuwa bure, na mmeona madarasa yalivyojaa mpaka watoto wanaandikia kwenye magoti. Ni resensema tu itakayouliza juu ya hao watoto, pamoja na maji mnayochota na choo mnachotumia.

Sasa, nani atajibu mlangoni? Kwa kawaida karani humtafuta mkuu wa nyumba, na kila mtu anafikiri ni baba. Wababa, tunawapenda, lakini muulize baba mtoto wa tatu alizaliwa mwezi gani. Tulijaribu na mabwana zetu wiki hii. Tusiandike matokeo. Simama karibu na bwana wako wakati wa maswali, au ujibu wewe mwenyewe akiwa hayuko. Na kama bwana yuko Kolwezi kwenye machimbo tangu miaka mitano, anatuma kitu akipata, msimweke kwenye orodha ya nyumba kwa heshima tu. Kila hesabu huweka siku yake au usiku wake, na inauliza nani anakaa pale. Yeye ataandikwa huko Kolwezi. Ukimwandika na wewe, mtu mmoja amekuwa wawili. Kumtaja mwanamke kuwa mkuu wa nyumba hakumwondolei bwana ndoa yake.

Wakimbizi wa vita mliowapa chumba, waandikwe pia. Wengine huogopa kwamba wakiandikwa hapa watapoteza shamba lao kule walikotoka. Waambieni kwamba kuhesabiwa kunaonyesha mahali mtu analala, hakugusi haki ya shamba.

Kuna swali moja litakalouma, na ni afadhali tulizungumze sasa kuliko likukute mlangoni na mtoto mgongoni. Mwanamke huulizwa amezaa mara ngapi, na kati ya hao, wangapi hawako tena. Wengi wetu tutataka kusema wale walio hai tu na kufunga mlango. Alhamisi mama mmoja aliuliza: "Wangu aliishi siku mbili. Na yeye wanamtaka?" Ndiyo, na yeye. Ni kwa majibu ya namna hiyo nchi inajua watoto wanakufa wapi zaidi, na kwa umri gani. Mtoto wa siku mbili hana karatasi, hana kaburi lenye jina, na baba yake mara nyingine hata hakumwona. Ni mama yake tu anayeweza kusema kwamba aliishi. Chumba kilinyamaza. Kisha mama wengine watatu wakasema na wao wanaye mmoja hivyo.

Juu ya miaka: wengi tuna wazee wasiojua walizaliwa lini, na hata vijana waliozaliwa katika kukimbia. Msiseme namba yoyote tu ili karani aende. Tafuteni jambo kubwa la karibu. Huyu alizaliwa kabla au baada ya vita vya 1996? Mama yake alikuwa na mimba wakati Mzee Kabila alipouawa, Januari 2001? Lile tetemeko la Desemba 2005 lililobomoa nyumba hapa Kalemie, alikuwa anatembea au anabebwa? Tulijaribu na kijana mmoja aliyekuwa "kama miaka ishirini na kitu", na kwa tetemeko tulimpatia mwaka wake na karibu mwezi.

Kwa wachanga hakuna sababu ya kubahatisha. Kumtangaza mtoto kwenye ofisi ya serikali ya mtaa au komini ni bure ndani ya siku 90 tangu azaliwe. Zikipita, ni lazima upitie kwenye tribunali, na huko kuna safari, kungoja na franga. Hiyo si resensema, ni jambo la kando, lakini tulipokuwa tunahesabu tuligundua watoto saba wa chama chetu hawana cheti, na wawili kati yao siku zao bado hazijaisha. Mama zao wanakwenda Jumatatu, pamoja, ili mmoja asirudishwe njiani na maneno.

Tulikubaliana hivi. Kila mama achukue ukurasa mmoja wa daftari la shule. Aandike majina ya wote wanaolala kwake, mwanaume au mwanamke, tarehe ya kuzaliwa au jambo kubwa la karibu, na alikozaliwa. Asiyejua kuandika aje na mtoto wake anayesoma, au aje kwa katibu wetu siku ya Jumatano mchana. Ukurasa ukae katika mfuko wa plastiki pamoja na kadi za chanjo, juu, mahali maji hayafiki. Akija mtu wa resensema, mwaka huu au mwaka mwingine, mkono unakwenda juu, ukurasa unashuka. Wakija wa vyandarua, ni ukurasa ule ule. Mnaona tunakoelekea, na mnaona pia kwa nini mama wawili walikataa kwanza. Wamekubali, lakini wamesema watachungulia kurasa za wengine.

Mama wa ndagala ameleta wake tayari, jana, umeandikwa na yule kijana wa sebuleni kwa mwandiko mzuri. Majina kumi. La mwisho limeandikwa kwa kalamu ya rangi nyingine, kwa sababu mtoto alipewa jina Jumapili.