Elimu Iliyomo Ndani ya Gunia la Karafuu

Aghlabu mwanafunzi wetu hufunzwa uchumi kwa mwalimu mmoja, fizikia kwa mwingine, na historia ya sheria, kama imepata kufunzwa, katika saa iliyobakia kabla ya mtihani. Naye huzihifadhi taarifu zote akazitoa kwa ulimi fasaha, ilhali hajapata kuambiwa kwamba mambo hayo matatu humkuta mkulima wa Pemba kwa pamoja, juu ya jamvi moja la kuanikia karafuu.

Fizikia ndiyo nyepesi. Mchumaji hulipwa kwa pishi, ambayo ni kipimo cha ujazo. Mwenye shamba huuza kwa uzito, zamani kwa frasila, yaani ratili 35, na siku hizi kwa kilo. Na baina ya pishi na mizani pana jua, linaloikausha karafuu mbichi hata ikabakia kiasi cha thuluthi moja ya uzito wake. Watoto wakiipima, wakaianika, kisha wakaipima tena, watakuwa wamekwisha kujua mvukizo ni nini kabla mwalimu hajaishika chaki.

Uchumi nao umo humo humo. Mwaka 1872 kimbunga kiliiangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, Pemba ikasalimika, bei ikapanda, na waliosalimika wakatajirika pasipo kuongeza jasho hata tone. Miaka mia na ushei baadaye ikawa kinyume chake: Indonesia, iliyokuwa ikinunua karafuu kwa wingi kwa ajili ya sigara zake, ikajitosheleza kwa mikarafuu yake yenyewe, bei ikaporomoka, wala karafuu yetu haikuwa imepungua harufu. Hapo ndipo kijana hufahamu, na kwa uchungu, kwamba bei haimtazami mtu amefanya kazi kiasi gani.

Lakini mimi hupendelea zaidi somo la sheria, nalo ndilo tulilolidharau. Sheria ya Kiislamu imeharimisha riba. Mkulima akihitaji fedha kabla ya msimu, na mkopeshaji akitaka faida, ilitumika beyi khiyari: mkulima humuuzia mkopeshaji shamba kwa sharti la kulirejesha akilipa, na papo hapo hulikodi shamba lile lile alilokuwa akilimiliki jana, akawa analipa ijara. Ijara hiyo, tusifichane, ilikuwa riba iliyovaa kanzu. Bei ya karafuu ikishuka, ijara haikushuka pamoja nayo, na mashamba yakawa yanawaponyoka wenyewe, hata serikali ya himaya ikatunga sheria mwaka 1934 ya kuzuia ardhi ya Waarabu na Waafrika isihamie kwa wengine pasipo idhini yake.

Walimu watasema kwamba muhtasari ni mrefu na wakati hautoshi, na sina shaka kwamba wanasema kweli. Ila mtahini ndiye anayewaongoza walimu, naye aweza kuuliza hivi: mkulima ameuza shamba kwa beyi khiyari, mavuno yamekuwa mengi, bei imeanguka nusu, na muda wa kulikomboa umekwisha. Mwanafunzi na atoe hukumu, aeleze sababu, aonyeshe na hesabu yake ya frasila.