Mali Bila Daftari: Kabla ya Kuhamia Programu Mpya



 Wiki hii naiweka kando mada niliyoiahidi, kwa kuwa imenifikia barua ya dada mmoja wa Tanga ambayo naona haifai kungoja.

Dada huyu ni mjane. Marehemu mumewe alimwachia yeye na watoto wanne duka la jumla la vyakula na vifaa vya nyumbani, ambalo theluthi yake ni ya shemeji yake. Hesabu zote zimo katika programu ya kompyuta iliyonunuliwa zaidi ya miaka kumi iliyopita. Mpwa wa marehemu aliirekebisha kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka, hadi ikawa kama kanzu iliyoshonwa kwa kipimo cha mwili wa mtu mmoja. Sasa kampuni iliyoitengeneza imetangaza kwamba toleo hilo halitahudumiwa tena. Mwanawe mkubwa anataka wahamie toleo jipya mwezi huu huu. Shemeji anataka programu iachwe kama alivyoiacha marehemu. Mpwa mwenyewe anaishi Maskati na hupatikana kwa nadra. Dada anauliza amsikilize nani, ilhali mali ya mayatima imo humo.

Dada yangu, kwanza nakupa pole, na Allah amrehemu marehemu. Pili, nakupongeza kwa kuuliza kabla ya kutenda. Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Na katika Suratul Baqara, aya ya 282, ambayo ndiyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, Mola wetu ametuamrisha kuyaandika madeni, madogo kwa makubwa, na mwandishi aandike kwa uadilifu. Programu ya duka lako ndiyo mwandishi huyo kwa zama zetu. Kumbadilisha mwandishi ni jambo la amana.

Nianze na hoja ya shemeji yako. Ana haki ya kuogopa, lakini kubaki mahali pamoja nako kuna hatari. Programu iliyoachwa na mtengenezaji haizibwi tena matundu ambayo wezi wa mitandaoni huyagundua kila siku. Microsoft, kwa mfano, iliacha kuihudumia Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, isipokuwa kwa waliojiandikisha katika mpango maalumu wa muda. Siku ya pili yake kompyuta huwaka kama kawaida, na hapo ndipo watu hudanganyika. Taabu huja baadaye: kompyuta ya zamani inakufa, ile mpya haiikubali programu ya zamani, kanuni za kodi zinabadilika, nayo programu haiwezi kuzifuata. Atakayehama siku hiyo atahama kwa kukimbia, na mwenye kukimbia huangusha vitu njiani.

Hoja ya mwanao nayo ni sahihi, ila haraka yake ndiyo inayonitisha. Nitakueleza kisa changu, ingawa si cha kujivunia.

Miaka mingi nyuma nilikuwa karani wa hesabu katika duka moja la jumla. Programu tuliyoinunua ilikuja na utaratibu wa kumtoza mteja asilimia fulani kwa kila mwezi anaochelewa kulipa deni. Mwenye duka aliukataa tangu siku ya kwanza, kwa kuwa ni riba iliyo wazi. Kijana wa kompyuta akaingia katika maandishi ya ndani ya programu, akakifuta kipengele hicho. Hapana aliyeandika popote kwamba kimefutwa, wala kwa nini.

Baada ya miaka saba tukahamia toleo jipya. Toleo hilo likaja na maandishi yake, likayafunika yale ya zamani pamoja na marekebisho yetu yote. Mwisho wa mwezi programu ikachapisha taarifa za madeni, nami nikazisambaza bila kuzikagua moja moja. Wateja kumi na tisa walitozwa. Wengi wao walilipa kimya, kwa sababu walituamini.

Aliyegundua ni bibi mmoja muuza maandazi aliyekuwa akichukua unga kwetu kwa mkopo. Alikuja na karatasi yake mkononi, akauliza kwa upole kwamba hizi shilingi elfu tatu na mia sita ni za unga gani, maana yeye hakumbuki kuuchukua. Mwenye duka aliisoma karatasi, akakaa chini, asiseme neno kwa muda mrefu. Jioni hiyo tulianza kupita nyumba kwa nyumba kurudisha fedha za watu na kuwaomba radhi. Mmoja wao alikuwa amekwisha kufariki. Tukawarudishia warithi wake. Karatasi zile nilizipeleka mimi kwa mkono wangu, na aibu ya siku ile sijaisahau.

Kosa halikuwa la kuhama. Kosa ni kwamba hatukujua tulichokuwa nacho. Marekebisho ya programu yako ya namna mbili. Kuna yanayoongezwa pembeni, kama baraza lililojengwa mbele ya nyumba: nyumba ikikarabatiwa, baraza hubaki mahali pake, pengine likahitaji kuunganishwa upya. Na kuna yale ya kuingia ndani na kuyabadili maandishi ya mtengenezaji mwenyewe, kama kuhamisha nguzo za nyumba. Haya ya pili ndiyo yanayopotea, kwa kuwa toleo jipya huletwa na nguzo zake. Nayo hupotea kimya, bila programu kutoa onyo lolote.

Wala msidhani haya ni ya maduka madogo. Lidl, kampuni ya Ujerumani yenye maelfu ya maduka, ilianza mwaka 2011 kuhamishia hesabu za bidhaa zake katika programu ya SAP. Iliripotiwa kwamba Lidl ilizoea kuthamini bidhaa zilizo ghalani kwa bei ya kununulia, ilhali programu ile ilijengwa kwa bei ya kuuzia. Kampuni haikutaka kuyaacha mazoea yake, ikataka programu ndiyo ibadilishwe. Rekebisho likazaa rekebisho jingine. Julai 2018 mradi ukaachwa, baada ya miaka saba na gharama iliyokadiriwa kufikia Euro milioni 500. Sisi tulipoteza jambo la haki kwa kutolijua. Wao waligharimika kwa kung'ang'ania jambo ambalo huenda lilikuwa la mazoea tu. Mwenye hekima hutenganisha mambo haya mawili kabla ya kugusa chochote.

Kwa hiyo, dada yangu, kabla ya kumwita fundi, kaa na shemeji yako na mwanao, na mpigieni simu mpwa huko Maskati. Msimwombe kwa udugu peke yake. Mlipeni kwa jioni chache, kwani anachokijua ni jasho lake. Aeleze kila alichokibadilisha, nanyi mkiandike katika daftari la kawaida: kilichobadilishwa, aliyeagiza, na sababu yake. Kisha vigaweni katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni la haki na dini. Humu mtaweka kufutwa kwa tozo la kuchelewesha deni, kama lilifutwa. Mtaweka pia hesabu ya Zaka. Programu nyingi hufuata mwaka wa miladi, wenye siku 365 au 366, ilhali hawli ya Zaka ni mwaka wa hijria, wenye siku 354 au 355. Katika takriban miaka 32 ya miladi hupita miaka 33 ya hijria. Anayetoa asilimia 2.5 kwa kalenda ya miladi atakuwa amebakiza Zaka ya mwaka mzima mabegani mwake. Ikiwa mpwa aliirekebisha programu ifuate hijria, hilo lisipotee.

Humo humo mtaweka mgawanyo wa ushirika, na hapa nakuomba uwe makini sana. Theluthi mbili za marehemu bado zimeandikwa kwa jina lake? Kama ndivyo, msizihamishe hivyo zilivyo. Yakishalipwa madeni yake na kutekelezwa wasia halali, mali ile ni ya warithi. Wewe, kwa kuwa marehemu ameacha watoto, una thumni, yaani fungu moja katika manane; wazazi wake, kama wako hai, wana mafungu yao; na kinachobaki ni cha watoto. Nendeni kwa mwanachuoni anayeijua mirathi, mgawe kwanza, ndipo kila jina liingie katika toleo jipya na haki yake. Qur'ani imetuonya vikali juu ya mali ya mayatima. Fungu lililobaki kwa jina la maiti huliwa na wengi bila yeyote kujiona mlaji.

Fungu la pili ni la serikali: kodi, stakabadhi za mashine, na kumbukumbu ambazo sheria inataka zihifadhiwe. Mengi katika haya toleo jipya huja nayo tayari, na huenda marekebisho ya zamani hayahitajiki tena. Mwulizeni fundi athibitishe.

Fungu la tatu ni la mazoea: mpangilio wa safu, jina la taarifa, kitufe kilichowekwa mahali fulani kwa kuwa marehemu alipenda hivyo. Najua hili lina uzito wa moyo. Hata hivyo, kila kinachobebwa bila sababu ni gharama leo, na gharama tena litakapokuja toleo jingine. Yaacheni.

Baada ya hapo ndipo fundi aanze, naye aanze kwa nakala na si kwa hesabu zenyewe. Toeni nakala rudufu mbili, moja ikae nje ya duka, na jaribuni kuifungua, kwani nakala isiyowahi kufunguliwa haijulikani kama ni nzima. Fundi akishahamisha, linganisheni programu mbili kwa tarehe moja: jumla ya madeni mnayodai, jumla ya mnayodaiwa, thamani ya bidhaa ghalani, na fedha taslimu. Jumla zikilingana msiridhike, maana zetu zililingana. Chagueni wateja kumi, wakubwa kwa wadogo, msome karatasi zao mstari kwa mstari. Kisha ziendesheni programu zote mbili kwa mwezi mmoja kamili, hadi mfunge hesabu za mwezi huo. Ni kazi maradufu, lakini ni mwezi mmoja tu.

Msifanye hayo katika Ramadhani wala wiki za kuikaribia, wakati duka lina msongamano na wengi wanahesabu Zaka. Kompyuta ya zamani msiitupe; iondoeni katika mtandao, muiweke kwa ajili ya kusoma kumbukumbu. Na daftari lile la marekebisho lijulikane na watu wawili wasiopungua, mmoja wao uwe wewe. Usikubali kuambiwa kwamba mambo ya kompyuta ni ya vijana. Hupaswi kujua namna ya kuiandika programu. Unapaswa kujua inawatendea nini watu kwa jina la duka lako.

Mwambie shemeji yako kwamba kumuenzi marehemu ni kuzitunza ahadi zake kwa wateja na kwa Mola wake, na ahadi hizo zinaweza kukaa katika programu yoyote. Na mwanao mwambie asubiri miezi miwili au mitatu, na daftari aliandike yeye kwa mkono wake.

Tunamwomba Allah aibariki mali ya mayatima hao, awaunganishe nyoyo, na atujaalie sote kuwa waandishi waadilifu wa haki za watu. Aamin.

Wabillaahi tawfiq.