Msomi Mkenya na kizingiti cha kusoma habari za nchi yake

MWANAFUNZI wa uzamili anayeamua kuandika tasnifu kuhusu ghasia zilizofuata uchaguzi mkuu wa 2007 hawezi kulalamika kwamba mada yake imepuuzwa na wataalamu. Watu 1,133 waliuawa kwa mujibu wa ripoti ya Tume ya Waki, na tangu wakati huo wasomi wa siasa, historia na sosholojia wameandika mengi. Swali linalomkabili ni jingine: maandishi hayo yako wapi, na ni nani aliye na ufunguo?

Jarida la Journal of Eastern African Studies ni mfano mzuri. Lilianzishwa 2007 na Taasisi ya Uingereza ya Afrika Mashariki, yenye afisi zake papa hapa jijini Nairobi, na mwaka uliofuata likatoa toleo maalum kuhusu mgogoro wa Kenya. Mchapishaji wake, hata hivyo, ni kampuni ya Uingereza. Naye Prof Karuti Kanyinga wa Chuo Kikuu cha Nairobi alipochambua 2009 jinsi urithi wa mashamba ya walowezi ulivyochangia umwagikaji huo wa damu, makala yake ilitoka katika Journal of Contemporary African Studies, jarida jingine lililo mikononi mwa wachapishaji wa ng'ambo. Msomaji ambaye chuo chake hakijalipia majarida ya aina hii mara nyingi huitishwa zaidi ya dola 40, takriban Sh5,000, kwa makala moja tu. Tasnifu ya kawaida huhitaji makala kadhaa, kama si mamia.

Si haki kuwalaumu wahadhiri kwa hali hii. Vigezo vya kuwapandisha vyeo vilivyotolewa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu mnamo 2014 huhesabu machapisho katika majarida yanayohakikiwa na wataalamu, na yenye sifa kubwa ni yale ya Ulaya na Marekani. Hivyo mlipa ushuru humgharimia mhadhiri mshahara, kisha chuo hicho hicho hulazimika kununua matunda ya kazi yake.

Vyuo havijaketi kitako. Tangu 2003 maktaba nyingi nchini zimekuwa zikinunua majarida ya kidijitali kwa pamoja kupitia muungano wa KLISC, ili kupunguza gharama. Aidha kuna mpango wa kimataifa wa Research4Life, unaozipa taasisi za mataifa yenye mapato madogo majarida bure au kwa ada nafuu. Lakini hata humo sayansi ya jamii ilikuja nyuma. Madaktari walifunguliwa mlango wao 2002, watafiti wa kilimo 2003, ilhali kitengo cha sheria na haki za kijamii kilianzishwa 2018. Isitoshe, chuo kikibanwa na madeni, ada ya majarida ni rahisi kuahirishwa kwa kuwa hakuna anayegoma kwa sababu yake.

Na je, milango yote ikifunguliwa leo? Bado wengi wangetoka mikono mitupu, maana hawajafunzwa kutafuta. Anayeandika “ghasia za 2007” kwenye mtambo wa kusaka atapata yaliyoandikwa baada ya moto kuwaka. Hatakutana na ripoti ya kamati ya bunge ya Kiliku ya 1992, wala ile ya Tume ya Akiwumi iliyokamilika 1999, ambazo zilichunguza mapigano ya kikabila ya miaka ya tisini katika maeneo yale yale ya Bonde la Ufa. Mzizi wa mada yake umefichwa chini ya maneno mengine: ardhi, makazi, nyanda za walowezi, siasa za vyama vingi. Mtafiti mzoefu hupata makala moja nzuri, akasoma marejeo yake ili kurudi nyuma, kisha kupitia Google Scholar akawatazama walioirejelea baadaye. Akikwama, humwandikia mwandishi mwenyewe barua pepe. Wengi hutuma nakala kwa furaha.

Kuna pia hazina ya nyumbani inayodharauliwa. Vyuo Vikuu vya Nairobi na Kenyatta vina hifadhi za kidijitali zenye tasnifu za wanafunzi wao, na tovuti ya African Journals Online, iliyoanza 1998, imekusanya zaidi ya majarida 500 ya bara hili. Ubora wake haulingani, hilo ni kweli, na mtu sharti apepete. Lakini tasnifu iliyotokana na mahojiano ya miezi mingi huko Burnt Forest au Molo huenda ikamfaa mwanafunzi kuliko nadharia nzito ya mtu aliyepita kwa wiki mbili.

Penye pengo hili pameingia hatari mpya. Tangu ChatGPT izinduliwe Novemba 2022, mwanafunzi aliyekosa makala anaweza kuandikiwa orodha ya marejeo kwa sekunde chache, yenye majina ya wasomi halisi na vichwa vya makala ambazo hazijawahi kuandikwa. Msimamizi aliyelemewa na kazi anaweza kuipitisha bila kugundua.

Wapo wanaosema dawa ni majarida yanayosomwa bure, wazo lililopata nguvu kufuatia azimio la Budapest la 2002. Lakini majarida mengi ya aina hiyo yamemwondolea msomaji mzigo na kumtwika mwandishi, ambaye huweza kudaiwa dola 2,000 au zaidi ili makala yake ichapishwe. Kwa mhadhiri wa humu nchini hiyo ni mishahara ya miezi.

Iliyopo sasa ni njia isiyo na gharama kubwa. Wachapishaji wengi humruhusu mwandishi kuweka nakala iliyokubaliwa, kabla haijapangwa kurasa, katika hifadhi ya chuo chake, wakati mwingine baada ya kusubiri mwaka mmoja au zaidi. Chuo kinachomdai mhadhiri machapisho ili kumpandisha cheo kingeweza pia kumdai nakala hiyo siku hiyo hiyo anapowasilisha maombi yake.