Vishikwambi vimefika, nani atakaa nyuma ya darasa?

Mwishoni mwa mwaka 2022 serikali ya Tanzania ilianza kuwagawia walimu vishikwambi vipatavyo 300,000. Vingi vilikuwa vimekwisha fanya kazi moja, ile ya Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti mwaka huo, na badala ya kuachwa vilale ghalani ikaamuliwa viende mashuleni. Uamuzi ule ulikuwa wa busara. Hata sisi ambao kazi yetu kwa miaka mingi imekuwa kuikosoa serikali hatuna sababu ya kuunyima sifa yake.

Hata hivyo, hotuba za makabidhiano zilikwisha na lipo swali moja ambalo bado halijajibiwa sawasawa. Je, mtoto wa darasa la pili anayekaa mstari wa nyuma, katika darasa la watoto 80, anasoma vizuri zaidi kwa sababu mwalimu wake ana kishikwambi mkobani? Hilo ndilo swali pekee lenye maana. Idadi ya mashine zilizogawiwa ni hesabu ya ghala, na hesabu ya ghala haituelezi kitu juu ya kinachotokea darasani.

Bahati nzuri hatuhitaji kubahatisha. Majirani zetu wa Kenya wamekwisha lilipia somo hili kwa fedha nyingi, na sisi wenyewe tunayo yetu ya kujifunza, ya Tanga na ya zamani zaidi. Tuyatazame kwa zamu.

Mwaka 2013 muungano wa Jubilee wa Uhuru Kenyatta na William Ruto uliingia kwenye uchaguzi na ahadi iliyosisimua nchi nzima: kila mtoto anayeanza darasa la kwanza katika shule ya serikali atapata kompyuta mpakato yake. Walishinda, na hapo ndipo shida zilipoanza. Zabuni ikafutwa mwaka 2014 baada ya washindani kulalamika. Kazi ya kugawa mashine ikaanza mwaka 2016, safari hii zikiwa vishikwambi badala ya kompyuta mpakato, na kwa miaka iliyofuata mashine zaidi ya milioni moja zikasambazwa katika shule za msingi zaidi ya 20,000.

Tuwe wakweli: mradi ule uliacha jambo jema. Ili mashine zifanye kazi ilibidi shule zipate umeme kwanza, wa gridi au wa jua, na maelfu ya shule ambazo zisingeuona umeme kwa miaka mingi ziliunganishwa haraka. Hiyo ni faida ya kweli.

Ama kusoma na kuhesabu, hiyo ni hadithi nyingine. Magazeti ya Kenya yaliandika habari zile zile mwaka hadi mwaka: mashine zimefungiwa stoo kwa hofu ya wezi, walimu wamepewa mafunzo ya siku chache kisha wakaachwa, chaja zimepotea, mwalimu mkuu anaogopa kuzitoa asije akadaiwa ikivunjika moja. Kisha ukaja mtihani ambao hakuna aliyeutarajia. Machi 2020 shule zilifungwa kwa sababu ya Korona. Kama kuna siku ambayo mashine zile zilitakiwa kumfikia mtoto, ilikuwa hiyo. Lakini zilikuwa mali ya shule, na shule ilikuwa imefungwa. Vipindi vya masomo vikaenda hewani kwa redio na televisheni, vyombo vya kizamani ambavyo hakuna mwanasiasa aliyewahi kuviombea kura.

Wala Kenya si ya kwanza. Peru iligawa kompyuta ndogo zaidi ya 800,000 kwa watoto, na uchunguzi uliotolewa na Benki ya Maendeleo ya Amerika mwaka 2012 haukuona nafuu yoyote katika hesabu wala lugha. Watoto walijua kuitumia kompyuta. Kusoma kwao kulibaki pale pale.

Sasa tuje kwenye sehemu ambayo haikupigiwa ngoma. Karibu na wakati ule ule ambapo wanasiasa wa Nairobi walikuwa wakigombania zabuni, watafiti walifanya jaribio Kisumu. Shule ziligawanywa katika makundi. Kundi moja kila mtoto alipewa kifaa cha kusomea vitabu. Kundi la pili kishikwambi akapewa mwalimu. Kundi la tatu watoto hawakupewa kitu, mwalimu hakupewa kitu, ila kishikwambi alipewa mshauri wa walimu, yule ofisa anayezunguka shule hadi shule kukagua na kuelekeza. Makundi yote matatu yalipata vitabu vizuri na mafunzo yale yale ya ualimu. Kundi la nne liliachwa kama lilivyokuwa, ili liwe la kulinganishia.

Matokeo? Makundi yote matatu yalisoma vizuri kuliko lile lililoachwa. Lakini kati ya hayo matatu hapakuwa na tofauti ya maana. Mtoto aliyepewa kifaa chake mwenyewe hakumshinda yule ambaye kifaa hakukiona kabisa. Tofauti ilikuwa kwenye bei tu: mashine moja ya mshauri inahudumia shule nyingi, na shule moja ina mamia ya watoto. Kwa shilingi ile ile, njia ya tatu ilinunua usomaji mwingi zaidi.

Na halikuishia kwenye makaratasi. Mpango wa Tusome, ulioanza mwaka 2015 na kuenea Kenya nzima, ulijengwa juu ya fikra hiyo. Kila mtoto wa madarasa ya mwanzo alipata kitabu chake cha Kiswahili na cha Kiingereza, kitabu cha karatasi. Mwalimu alipata mwongozo wa somo hatua kwa hatua. Kishikwambi kilikwenda kwa ofisa anayezunguka. Alikaa nyuma ya darasa, akatazama somo likifundishwa, akawasikiliza watoto wachache wakisoma, akaingiza aliyoyaona kwenye mashine, kisha akakaa na mwalimu kuzungumza. Mashine ilinukuu pia mahali alipo, na malipo yake ya usafiri yalitegemea kumbukumbu hiyo. Ofisa wa kukagua shule akiwa amelala nyumbani akajikuta hana ujanja. Tathmini zilizofuata zilionyesha watoto wanasoma vizuri zaidi kuliko waliowatangulia.

Tazama kazi ambayo teknolojia ilifanya hapo. Haikumwondoa mwalimu wala haikuchukua nafasi ya kitabu. Ilihakikisha tu kwamba mtu aliyeajiriwa kumsaidia mwalimu anafika, anaona, na anasema kitu cha maana.

Atatokea mtu atasema: mbona Tanga watoto walijifunza bila mwalimu? Ni kweli, na jambo lile linastahili kuelezwa vizuri. Kati ya mwaka 2017 na 2019 vijiji karibu 170 vya mkoa wa Tanga vilikuwa uwanja wa shindano la kimataifa la XPRIZE lililogharamiwa na tajiri Elon Musk, kwa ushirikiano na UNESCO, Shirika la Chakula Duniani na serikali. Watoto wapatao 3,000, wengi wao hawajawahi kukanyaga darasa, walipewa vishikwambi vyenye programu za Kiswahili, vikichajiwa kwa umeme wa jua. Mwanzoni zaidi ya watoto tisa katika kila kumi walikuwa hawawezi kusoma hata neno moja. Baada ya miezi 15 idadi hiyo ilipungua kwa nusu. Washindi wawili, Kitkit School na onebillion, waligawana dola milioni 10 mwezi Mei 2019.

Ni jambo la kutia moyo, hasa kwa sisi wenye lugha hii: teknolojia ile ilizungumza Kiswahili tangu siku ya kwanza, na programu zake ziliachwa wazi ili yeyote azichukue. Lakini soma tena takwimu hizo. Nusu ya wale waliokuwa hawajui neno waliendelea kutojua neno, baada ya mwaka na ushee wa kuwa na mashine mkononi. Kwa kijiji kisicho na shule hilo ni tone la maji jangwani, na tone hilo lina thamani. Kwa nchi yenye shule karibu kila kijiji, haliwezi kuwa sababu ya kumsahau mwalimu.

Wazee wetu walilijua hili kabla ya vishikwambi. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Teknolojia yake ilikuwa redio. Lakini redio haikuachiwa iseme peke yake: watu walikusanyika katika vikundi, kila kikundi na kijitabu chake na kiongozi aliyefunzwa, wakasikiliza, wakajadili, kisha wakatoka kwenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Watu wapatao milioni mbili walishiriki. Lile redio la mbao lilifanikiwa kwa sababu palikuwa na mtu kando yake.

Nasema haya nikiwa na deni langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita hapa Uingereza tulichangishana, watu wa mji mmoja, tukakusanya kompyuta zilizotumika, tukazipakia kwenye kontena kwenda shule ambayo baadhi yetu tulisoma. Tulipiga picha, tukala pilau, tukajipongeza. Mimi sikuweza kurudi nikaone kwa macho yangu. Sababu zangu za kutorudi zinajulikana. Mwalimu mmoja wa pale akanieleza kwa simu, kwa adabu nyingi mno, kwamba wanashukuru sana, kompyuta zipo salama, zimefunikwa kwa shuka zisiingie vumbi. Chumba chenye umeme kilikuwa kimoja tu, ofisi ya mwalimu mkuu. Kisha akauliza kama mwakani tungeweza kutuma vitabu vya hadithi. Hakuna aliyemuuliza kabla ya kontena kuondoka. Nami nilikuwa kwenye kamati.

Kwa hiyo tusiwacheke wanasiasa peke yao. Serikali inapenda mashine kwa sababu mashine hupigwa picha, huzinduliwa, na zabuni yake ni nono. Sisi wa ughaibuni tunazipenda kwa sababu hizo hizo, ukiondoa zabuni. Ofisa anayekaa nyuma ya darasa asubuhi ya Jumanne hapigwi picha na mtu.

Turudi basi kwenye vile vishikwambi. Tanzania tayari inaye mtu wa kazi hii: Afisa Elimu Kata. Maofisa hao waligawiwa pikipiki mwaka 2018 ili wafike mashuleni. Kama usafiri upo na mashine zipo, kinachobaki ni kazi yenyewe. Ofisa apewe orodha fupi ya mambo ya kutazama, aingie darasani na si ofisini kwa mwalimu mkuu tu, awasikilize watoto watatu wakisoma, na alichokiona kifike wilayani siku hiyo hiyo. Kishikwambi cha mwalimu nacho kiwekewe masomo na hadithi za Kiswahili zinazofunguka bila intaneti, maana tukimtegemea mwalimu anunue bando kwa mshahara wake tumekwisha shindwa kabla ya kuanza. Na paundi tunayotuma sisi, ikinunua vitabu 20 vya hadithi kwa darasa moja baada ya kumuuliza mwalimu anachohitaji, itafika mbali kuliko kontena.

Mbunge wako akija kukuomba sifa kwa mashine zilizogawiwa jimboni, usimuulize ni ngapi. Muulize ni mara ngapi muhula huu kuna mtu aliyekaa nyuma ya darasa, na mtoto wa mstari wa mwisho alisoma nini.