Faragha si Ukiwa

Sisi wakazi wa Bahati tumezoea kuwaona waumini wakiuacha mji na kushukia mapango ya kreta ya Menengai ili wafunge na kuomba. Wapo wanaowacheka, na wapo wanaowatukuza. Yafaa kwanza tupime maneno. Kiswahili hutenga faragha na ukiwa. Faragha mtu huichagua, nayo ina mwisho: huku nyuma wapo wamjuao na wamngojao. Ukiwa ni hali ya mkiwa, asiye na wa kumjulia hali.

Msitu wa Shakahola, huko Kilifi, ulitufunza tofauti hiyo kwa uchungu. Mwaka 2023 ilifukuliwa humo miili zaidi ya 400 ya watu waliomfuata mhubiri, wengi wao wakiwa wamekufa kwa njaa. Walitengwa na mwalimu, daktari na jirani, ikabaki sauti moja isiyopingwa. Watoto waliokuwa miongoni mwao hawakuchagua lolote.

Kwa hiyo, walimu wenzangu, mwanafunzi akitamani kwenda nyikani kutafakari, tusimkejeli. Tumwulize mambo mawili tu: atarudi lini, na asiporudi ni nani atakayemtafuta?